Kamati ya Mazingira na Bahili Mmoja

Katika tabia zote ambazo binadamu amepata kulaumiwa kwazo, sidhani kama ipo iliyokosa wakili kuliko ubahili. Mlevi huhurumiwa, mwongo husikilizwa kwa ajili ya utamu wa uongo wake, mvivu naye hakosi shangazi wa kumtetea kwamba mtoto huyu tangu udogoni damu yake haikutosha. Bahili peke yake, tangu zama za ngano za mabibi zetu hata leo, hatajwi ila kwa dhihaka, na siku akifa watu husema amefanya hivyo kwa kubana matumizi. Naandika insha hii kwa kusudi la kumpatia walau mtetezi mmoja, maana nilikuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi wa kujitolea iliyoazimia kulifanya jumba letu la ofisi liache kuyadhuru mazingira, na niliyoyaona humo ni ushahidi ambao dhamiri hainiruhusu kuuficha.

Jumba lenyewe sitalitaja jina, kwa kuwa bado nala mshahara wake. Yatosha kusema kwamba lipo Dar es Salaam, mahali ambapo upepo wa bahari ungefika lau ungeruhusiwa. Kwamba ni majengo manne ya ghorofa yaliyounganishwa kwa veranda ndefu, yenye lifti, kantini, masjala na maegesho ya magari. Na kwamba kuta zake ni vioo kutoka chini hadi juu. Wazee waliojenga Lamu, Unguja na Kilwa walilijua jua. Walisimamisha kuta nene za mawe na chokaa, wakaviacha vyumba vyao viwe vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko, wakatoboa madirisha ya kuwapitisha kaskazi na kusi, na mlangoni wakaweka baraza ya kivuli. Sisi tulijenga kioo, tukayakaza madirisha yasifunguke, halafu tukanunua viyoyozi vya kulifukuza joto tulilolialika wenyewe. Navyo viyoyozi hivyo, kwa sababu ambayo hakuna mkuu wa idara aliyepata kuieleza, vilikuwa vimewekwa nyuzijoto 16, hata ikawa mchana wa Februari, wakati wapita njia wanagombea kivuli cha mwembe, makarani wetu wamejitanda masweta na vitenge, wamejipanga mezani kama samaki waliotiwa barafuni soko la Feri.

Ulipotoka waraka wa kuwaalika wenye moyo wa kujitolea waunde kamati, moyo huo ulionekana kuwa mwingi kupita tulivyotaraji, na ukumbi wa mikutano ukajaa hata wengine wakasimama mlangoni. Mwenyekiti, bibi mmoja wa idara ya utumishi mwenye sauti ya upole na stahamala ya kutosha watu wawili, alieleza kwa ufasaha habari za ardhi, bahari na vizazi vijavyo, kisha akauliza kama pana swali. Palikuwa na swali moja, ambalo kila mtu aliliuliza kwa maneno yake: je, kikao kina posho? Alipojibu kwamba kujitolea ni kujitolea na kwamba posho haipo, watu kadhaa walikumbuka ghafla kazi walizoziacha mezani, wakatoka kwa adabu wameinamisha vichwa. Na waliobakia ndio wakawa kamati.

Tulianza kwa bidii, na bidii yetu ilianzia pale ambapo bidii ya kamati zote huanzia, yaani katika fulana. Zikachapwa fulana za kijani zenye picha ya mti kifuani na jina la kamati mgongoni. Kisha likatengenezwa bango kubwa la kutundikwa langoni, la kuwasihi watu waepukane na plastiki. Na bango lenyewe, fundi alipolishika kulitundika, likadhihirika kuwa ni plastiki tupu, gumu, la kung'aa, lenye matumaini ya kuishi kuliko wajumbe wote. Kikao cha kwanza, ambacho ajenda yake kuu ilikuwa chupa za maji zinazotupwa ovyo, kilihudumiwa maji ya chupa, kila mjumbe na chupa yake, na zilizofunguliwa zikaachwa nusu kwa sababu chumba kilikuwa baridi mno kwa mtu kuona kiu. Nasaha ya kuwataka watu wafikiri kabla ya kuchapa karatasi ilichapwa kwa rangi, ikabandikwa katika kila mlango wa kila ghorofa, na upepo wa viyoyozi ulipoibandua ikachapwa tena.

Miongoni mwa waliokataa kujiunga alikuwamo mhasibu wetu wa ghorofa ya tatu, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye ubahili wake ulikuwa mashuhuri hata kwa wageni. Ni mtu aliyeandika kwa penseli mpaka isishikike, kisha akakitia kipande kilichobaki katika kifuniko cha kalamu ya wino ili kipate urefu wa kuendelea na utumishi. Chai alikuja nayo kutoka kwake katika chupa ya chai. Chakula chake kilikaa katika hotipoti iliyopoteza rangi. Alipanda ngazi, akiamini kwamba lifti ikimbeba yeye peke yake ni ubadhirifu wa mali ya ofisi, na alipotoka chumba chochote, kiwe chake au cha watu, mkono wake ulipapasa ukuta na kuzima taa, hata ikiwa ndani wamo wengine. Tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini na watu wakahaha hawajui nyanya wazibebe katika nini, yeye hakuwa na la kubadili. Kikapu chake cha ukili, kilichoshonwa na kushonwa tena mpaka nyuzi zikazidi ukili, kilipita sokoni siku ile kwa taadhima yake ya siku zote.

Mimi ndiye niliyempelekea fomu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo ni nini?"

"Ni fomu ya kujiunga na kamati ya mazingira. Kurasa tatu tu."

Akazipokea, akazigeuza, na alipoona kwamba kila karatasi imechapwa upande mmoja, uso wake ulikunjuka kwa furaha ambayo haukupata kuionyesha hata siku ya mshahara. "Ahsante sana," akasema, "na huku nyuma ni nyeupe kabisa." Akachukua rula, akazichana kila moja vipande vinne, akavibana kwa klipu, akaanza papo hapo kuandikia hesabu zake. Fomu ile haikurejea, wala hakuna aliyethubutu kuidai.

Kazi yetu ya kwanza ya maana ilikuwa kutenga taka, na kwa ajili hiyo tukanunua mapipa ya rangi tatu: la kijani la mabaki ya chakula, jekundu la plastiki, na la buluu la karatasi. Aliyetupa ushauri huo alikuwa mtaalamu, na ushauri wake ungefaa katika miji mingi. Lakini katika jiji hili, tangu ilipoanzishwa Yanga mwaka 1935 na Simba ikafuata mwaka 1936, kijani na nyekundu zina wenyewe. Mashabiki wa Simba waliona ni faradhi juu yao kutupa kila uchafu, uwe ganda la ndizi au betri mbovu, katika pipa la kijani. Mashabiki wa Yanga nao wakalishindilia lile jekundu mifupa ya kuku, maganda ya machungwa na hata barua za masjala. Na asubuhi ya baada ya mechi, pipa la timu iliyofungwa lilifurika mpaka sakafuni. La buluu, kwa kukosa timu ya kulipatia maadui, lilikaa tupu na safi hata mlinzi wa usiku akalifanya kabati la koti lake. Fauka ya hayo, jioni walikuja kina mama wa usafi, ambao kamati haikuwaambia lolote, wakayamimina mapipa yote matatu katika gunia moja.

Tulikaa vikao juu ya kadhia hii, tukafikiria kupaka mapipa rangi nyingine, na tukashindwa kukubaliana rangi ipi haina mwenyewe. Wakati tungali katika mjadala, mhasibu alikuja nje ya ukumbi na kuniita kwa kidole.

"Rimu moja ina karatasi 500," akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri. "Karatasi tunazonunua ni za gramu 80 kwa mita moja ya mraba. A4 16 ndizo hufanya mita moja ya mraba. Basi karatasi moja ni gramu 5, na rimu ni kilo mbili na nusu. Yuko kijana huku nyuma ananunua karatasi chakavu kwa kilo. Sasa nipigie hesabu, ninyi kila siku mnatupa sukari kiasi gani?"

Sikuuelewa uhusiano wa karatasi na sukari mpaka juma lililofuata, maana mhasibu ndiye pia aliyekuwa mweka hazina wa mfuko wa chai, mfuko ambao sukari yake haikupata kuuona mwisho wa mwezi hata siku moja. Alimwita yule kijana na mzani wake, akasimamia upimaji huku ameinama kuusoma mshale kwa jicho moja, akakataa katakata kidole cha kijana kisiguse kamba, akapokea fedha, na jioni ile ile akatuma sukari. Kisha akatangaza kwa mdomo, bila waraka, kwamba maadamu karatasi zinafika katika pipa la buluu pasipo mafuta ya mandazi, sukari haitakatika. Tangu hapo pipa lile lilipata walinzi kuliko sefu ya ofisi. Mtu akionekana analisogelea na ganda la chungwa mkononi, sauti ilisikika kutoka vyumba vinne kwa mpigo, na Simba na Yanga wakawa jamaa moja katika kulinda chai.

Kamati haikukata tamaa, ikahamia kwenye umeme. Tulishauriwa kufunga taa zinazohisi mwendo, ambazo huwaka mtu aingiapo na kuzimika zikiona kimya. Na kwa nadharia ushauri huo ulikuwa hauna dosari. Ila fundi alizifunga kwa kipimo cha watu wa haraka, na pahala pa kwanza alipozifunga ni msalani. Mimi mwenyewe nilikuwa humo, katika hali ambayo heshima ya msomaji yanizuia kuifafanua, dunia ilipokuwa giza totoro. Nilipunga mkono, taa haikunihisi kwa kuwa mlango wa kijumba nilichomo uliikinga. Nilipunga yote miwili juu ya kichwa, nikajikunja na kujikunjua, nikapiga kofi na kukohoa kwa sauti, na mwisho nikalirusha gazeti lililokuwa mapajani juu ya ukuta wa kijumba. Taa ikawaka, na kwa mwanga wake nikasikia sauti ya mkuu wa idara ya sheria, aliyekuwa akinawa mikono kwa papasapapasa, ikiuliza kwa upole kama nyaraka za ofisi siku hizi zapelekwa kwa njia hiyo.

Lakini balaa la taa hizo lilidhihiri masjala. Taa huhisi mwendo, na asiyejongea huhesabiwa kuwa hayupo. Basi kila baada ya chakula cha mchana, kati ya saa nane na saa tisa, vyumba fulani vilizimika kimoja baada ya kingine, na aliyepita veranda aliweza kujua pasipo kuuliza ni nani anayefanya kazi na ni nani amefumba macho juu ya jalada. Palitoka malalamiko makali kwamba kamati imeweka majasusi darini. Karani mmoja akavumbua dawa: akafunga utepe wa karatasi mbele ya feni ya mezani, ukawa wapeperuka mchana kutwa na taa ikauamini, na umeme wa feni ukaongezwa juu ya umeme wa taa. Mhasibu ndiye pekee asiyelalamika. Chumbani mwake taa ilizimika daima, kwa kuwa yeye alifanya hesabu ametulia, akisogeza penseli tu, karibu na dirisha. Na alipoulizwa kama giza halimsumbui, alijibu kwamba jua la Mwenyezi Mungu halina luku.

Vita vikubwa vilikuwa vya viyoyozi. Katika kikao nilisoma habari ya Japani, nchi isiyopungukiwa na mashine wala fedha, ambayo mwaka 2005 serikali yake iliwahimiza watumishi wavue tai na makoti wakati wa kiangazi, na viyoyozi vya ofisi viwekwe nyuzijoto 28. Sisi hatukudiriki kufika huko, tuliomba 24. Wakuu wa idara walitutazama kwa masikitiko, mmoja akasema kwamba mtu hawezi kutoa uamuzi wa busara huku anatoka jasho, nami nikatamani kumwuliza waliokata shauri la uhuru wa nchi hii walikuwa na kiyoyozi cha aina gani, lakini mshahara niliokwisha kuutaja ulinishika ulimi. Tukapewa ruhusa ya majaribio. Asubuhi mjumbe wetu aliweka 24. Saa nne mkono usiojulikana ukaweka 16. Saa tano bibi mmoja mwenye mafua akaweka 27. Saa sita fundi akaitwa kuja kuiponya mashine aliyodhani imerukwa na akili. Tukakinunulia kidude cha kuwekea nyuzi kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo ukapotea siku ambayo kipimo kilikuwa 16.

Wakati huo wote chumba cha mhasibu hakikuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi, kwa kuwa alikizima alipohamia na hakupata kukiwasha. Alivaa suti ya Kaunda ya mikono mifupi, iliyokuwa ya buluu zamani, akaziacha shingo na mikono zipate hewa. Tuliposhangaa jinsi anavyostahimili, alituonyesha, baada ya kuchungulia veranda kama hapiti bwana wa majengo, kwamba skrubu mbili za dirisha lake zimelegea kwa namna isiyoelezeka, na kioo husukumika kiasi cha kiganja. Katika nafasi ile ya kiganja kusi aliingia moja kwa moja kutoka baharini, akapindua karatasi mezani, akatoka kwa mlango uliowekewa jiwe. Wajumbe wa kamati walisimama pale na fulana zao za kijani, wakaburudika, na hapana hata mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudi kikaoni.

Ikafika Siku ya Mazingira Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 5 Juni kwa kukumbuka mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofunguliwa siku hiyo mjini Stockholm, Sweden, mwaka 1972. Huko Stockholm Juni ni mwezi wa majani mabichi na siku ndefu. Huku kwetu masika huwa yamekwisha kuaga mwezi Mei, na mche uliopandwa Juni hupandwa katika mlango wa kiangazi, ukaachiwa Mungu. Hata hivyo sherehe ilikuwa nzuri. Palikuwa na turubai, viti vya kukodi, spika mbili, mgeni rasmi aliyepewa sepetu mpya iliyofungwa utepe, na shimo lililochimbwa siku ya kuamkia sherehe na mtunza bustani. Mgeni rasmi akapanda mwarobaini, akaumwagia maji kwa kopo, akapigiwa makofi. Nilipomsogelea mtunza bustani kumpongeza kwa shimo safi, alinijibu pasipo kinyongo chochote kwamba haikuwa kazi ngumu, kwa kuwa ndilo lile lile la mwaka jana, na la mwaka juzi pia.

Mche wa mwaka ule nao ulielekea kwenda walikokwenda wenziwe, majani yakaanza kunyauka kabla ya Julai. Lakini ulikuwa umepandwa chini ya dirisha la mhasibu, na juu yake, katika ukuta, palikuwa na mabomba ya viyoyozi vya vyumba vya jirani, ambayo mchana kutwa hudondosha maji yaliyotekwa katika hewa ya pwani yenye unyevu. Siku nyingi mzee huyu alikuwa ameyasikia matone yale yakianguka juu ya sementi, na kila tone lilimchoma. Akaleta ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo, akaitega. Ijumaa jioni aliiacha tupu. Jumatatu, kwa kuwa kuna waliosahau kuzima viyoyozi mwisho wa juma, akaikuta imejaa hadi kwenye ufa. Akayaonja maji kwa ncha ya ulimi, akayasifu kwamba hayana chumvi ya kisima, akayamwagia mwarobaini kwa sababu alikuwa hana pengine pa kuyaweka na hakuweza kuyamwaga bure. Mti ule leo unafika dirishani kwake, na kivuli chake kimempunguzia jua. Haba na haba hujaza kibaba. Na pale haba ilikuwa ya bomba, na kibaba kilikuwa na ufa.

Lililobaki lilikuwa mabaki ya chakula. Kamati iliamua kutengeneza mboji nyuma ya kantini, ili wali, maganda na vichwa vya samaki viwe mbolea ya bustani. Tuliyafanya yote kama yaelezwavyo vitabuni, isipokuwa vitabu vyenyewe viliandikwa na watu wasiomjua kunguru wa Dar es Salaam. Ndege huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, kisha akavuka bahari akaenea pwani yote. Kwa hiyo kamati ya kwanza ya mazingira katika nchi hizi ilikuwa na mbawa, na ilijitolea bila posho. Kunguru walipoliona biwi letu walitambua kwamba hatimaye wamekumbukwa. Walikuja alfajiri kwa mamia, wakafukua, wakagombana, wakachukua walichopenda na kwenda kukilia mahali pa faragha. Na mahali pa faragha palikuwa ni juu ya magari ya wakuu. Siku tulipotembelewa na wageni kutoka wizarani, kichwa cha changu kilianguka kutoka juu, kikatua katikati ya faili aliyokuwa ameikumbatia mkuu wa msafara, kikabaki kumkodolea macho. Biwi lilifukiwa jioni ile ile kwa amri.

Mhasibu aliposimuliwa hakucheka. Aliuliza swali ambalo kamati nzima haikupata kuliuliza: kwa nini yawepo mabaki? Yeye kwa miaka alikuwa akigombana na mwenye kantini kwamba sahani ya wali ni kubwa kupita tumbo lake, na kwamba anataka nusu sahani kwa nusu bei, siku zile adimu ambazo hotipoti yake haikuja. Sasa akaenda na ushahidi wa kunguru. Mwenye kantini, kwa hofu ya biwi kurejea mlangoni pake, akakubali kuuza sahani ndogo kwa bei ndogo. Ikadhihirika kwamba nusu ya wafanyakazi walikuwa wakibakisha kwa sababu walipakuliwa, na wengi wa nusu hiyo wakahamia sahani ndogo. Wali ukapungua jikoni, kuni na mkaa vikapungua, na kunguru wakarejea Feri kwa samaki.

Mwisho wa mwaka kamati ilitakiwa itoe taarifa. Tuliiandaa kwa karatasi nene ya kung'aa, yenye picha ya mgeni rasmi na sepetu yake, picha ya fulana, picha ya mapipa kabla ya kutumika, na dibaji tatu. Bwana Mkubwa aliifungua, akaifunga, akauliza neno moja tu: bili imeshuka kwa kiasi gani? Tukatazamana. Akaitwa mhasibu, naye akaingia na bahasha kuukuu iliyogeuzwa ndani nje, ambayo nyuma yake palikuwa na safu tatu za tarakimu kwa penseli: umeme, maji na karatasi, mwezi kwa mwezi, na zote zilishuka, isipokuwa mwezi mmoja wa karatasi, alioueleza kwa kidole kilichoelekezwa kwenye taarifa yetu ya kung'aa. Akapongezwa kwa mapenzi yake makubwa kwa mazingira. Mzee akashtuka kama aliyesingiziwa.

"Mazingira mimi siyajui, bwana," akasema. "Mimi najua bili."

Nimeitafakari kauli hiyo kuliko hotuba zote nilizopata kuziandikia kumbukumbu. Sisi tuliipenda ardhi, na mapenzi yetu yalitaka fulana, mabango, masanduku ya chuma na karatasi za kung'aa, maana mpenzi hupenda aonekane anapenda. Yeye hakuipenda wala hakuichukia. Alichukia kupoteza tu, na kila alichozuia kisipotee kilibaki palepale duniani, maji yakabaki maji na mti ukabaki mti. Wazazi wetu, waliogeuza shati kuwa tambara na tambara kuwa utambi wa koroboi, hawakupata kusikia neno uhifadhi, na ndoo zao za taka zilikuwa nyepesi kuliko zetu. Ardhi haimwulizi mtu kama amezima taa kwa imani au kwa choyo. Huitazama taa.

Basi nasaha yangu kwa ofisi yoyote inayokusudia kuunda kamati ya namna hii ni fupi. Kabla hamjachapa fulana, tafuteni bahili wenu, maana hakuna ofisi isiyokuwa naye. Mketisheni kwenye kiti cha mwenyekiti, mpeni ndoo, penseli na ufunguo wa chumba cha mita, na msimpelekee fomu ya kurasa tatu. Na mkishindwa hata hilo, basi mtokapo jioni zimeni taa na viyoyozi kwa mikono yenu, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji kikao.